Shingo ya Mbuzi wa Akika

Siku ya akika ya mjukuu wake, Bi Tatu aliamka mapema kuliko jogoo wake. Alikuna nazi, akachuja tui, akachambua mchele. Kazi zote hizo alizifanya huku mjukuu wake Rahma yuko mgongoni, amefungwa kwa kanga, amebanwa kama ndizi ndani ya ganda lake. Mkono mmoja wa bibi ulikoroga chungu. Mkono wa pili ulimpigapiga mtoto matakoni, taratibu, ili alale.

Nyumba ya Bi Tatu iko Kibuta, wilayani Kisarawe. Rahma alikuwa na miezi mitatu. Wazazi wake, Shamsia na Abdulwahab, wanaishi Mkuza, mjini Kibaha. Huko Abdulwahab anachomelea mageti na madirisha. Siku moja kabla, walikuja Kibuta ili mtoto afanyiwe akika nyumbani kwa bibi yake. Akika ni sadaka ya kumshukuru Mungu kwa kupata mtoto. Huchinjwa mbuzi, watu wakala, mtoto akaombewa dua.

Hawakuja peke yao. Walikuja na jirani yao wa Mkuza, Modesta. Modesta ni Msukuma, na kazi yake ni uuguzi. Mume wake, Magembe, anafuga, na mbuzi wa akika alitoka kwenye zizi lake. Tangu alipofika, Modesta alikataa kukaa kwenye kiti cha wageni. Alichota maji. Aliosha sufuria. Alipoona Bi Tatu anapikia wengine na yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni, alimletea chai na kipande cha muhogo, akaviweka karibu yake. Bi Tatu aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Shamsia alikuja jikoni akamnyonyesha mtoto. Rahma alinyonya mpaka akashiba. Hapo hapo bibi akampokea, akamrudisha mgongoni, akakaza fundo la kanga.

"Njoo kwa bibi, ulale. Mama yako ana kazi."

Haukupita muda. Bi Tatu alihisi kitu cha uvuguvugu kinateremka shingoni mwake. Maziwa. Rahma alikuwa amecheua. Kisha kikaja kikohozi. Koh! Koh! Koh! Mwili mdogo ukatikisika mgongoni.

"Unasikia?" Bi Tatu alimwambia binti yake. "Kimeo hicho."

"Mama..."

"Hakuna cha mama. Leo leo tunakimaliza. Kaka Mwinyimadi akishachinja na akishakula, atamkata mtoto kimeo. Nimeshaongea naye."

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo, juu ya shina la ulimi. Kila mtu anacho, ila yule aliyekatwa. Watu wengi wa upande ule wanaamini kwamba kimeo kikirefuka kinagusa koo, na mtoto anakohoa na kutapika. Kwa hiyo humwita fundi, akakikata. Bi Tatu alikatwa alipokuwa mdogo. Watoto wake wote walikatwa, Shamsia akiwemo.

"Mama, nilikwambia," Shamsia alisema kwa sauti ya chini. "Wiki hii nilimpeleka hospitali na dada Modesta. Daktari alisikiliza kifua, akasema ni kisafi. Alisema mtoto anacheua tu, na uzito unapanda vizuri."

"Hospitali hawajui kimeo, mwanangu. Wao wanajua sindano."

Shamsia alichukua sufuria, akaenda nayo nje. Mume wake alikuwa anapasua kuni. Alimtazama mkewe, akaona machozi. Lakini mkwe ni mkwe. Angeanzia wapi kumkatalia? Aliinama akaendelea na kuni zake.

Modesta alikuwa pembeni anachambua bizari. Aliyasikia yote. Alipepeta ungo wake, akafikiri.

*

Mzee Mwinyimadi, mchinjaji na fundi wa vimeo wa pale kijijini, alifika jua likiwa limepanda. Alivaa kanzu safi na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Ndani ya mfuko wa kanzu alikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kisu kidogo chenye ncha iliyopinda. Hicho kilikuwa cha vimeo. Kisu cha kuchinjia alikibeba mkononi.

Alikuwa mtu mpole. Alinolea kisu nyuma ya nyumba ili mbuzi asikione. Alimpa mbuzi maji kwanza. Akamlaza akimshika kichwa kama mtu anayemlaza mgonjwa. Akasoma Bismillahi, akachinja mara moja. Bi Tatu alipenda sana namna yake ya kuchinja. Ndiyo maana alimwamini hata kwa vimeo.

Kisha Abdulwahab na vijana wawili wakamsaidia kuchuna. Mzee alikata kwa utulivu, kiungo kwa kiungo, kwa sababu mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi. Aliweka kichwa upande mmoja wa majani ya mgomba, na shingo na mapafu upande wa pili.

Modesta alipita na beseni. Aliinama, akaichukua shingo pamoja na mapafu, akaitia kwenye beseni lake.

"We mwanamke!" Mzee Mwinyimadi alipaza sauti. "Shingo ya nani hiyo?"

"Ya Wasukuma! Mbuzi katoka zizini kwetu. Shingo inarudi kwao."

"Mwizi! Nimewaambia watu hapa, Msukuma akiingia uani fungeni kuku!"

"Na Mzaramo akiingia jikoni fungeni vyungu!"

Watu walicheka mpaka vijana wakaacha kuchuna. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa kukunyang'anya kitoweo. Mtani anaruhusiwa kukuambia neno ambalo mwanao hawezi kukuambia, nawe huruhusiwi kukasirika. Modesta alilijua hilo vizuri sana.

"Haya, mtani, ikomboe," alisema. "Sitaki utumbo, sitaki kwato. Nataka unifundishe jambo moja. Ukichinja, unatakiwa ukate nini na nini?"

Mzee alinyoosha kofia yake. Hilo lilikuwa swali lake hasa.

"Lazima ukate njia ya hewa na njia ya chakula. Na mishipa ya damu ya pembeni ikikatika, ndiyo bora zaidi."

"Tuonyeshe hizo njia mbili. Wanawake wengi hapa hatujawahi kuziona."

Bi Tatu alisogea, Rahma bado yuko mgongoni. Shamsia naye akasogea. Mzee Mwinyimadi alinawa, akachuchumaa, akazitenganisha njia zile kwa vidole.

"Hii ya mbele, ngumu, ina pingili pingili kama mwanzi. Hii ni ya hewa. Inakwenda kwenye mapafu. Na hii ya nyuma yake, laini, ndiyo ya chakula. Inakwenda tumboni."

"Hiyo ya chakula inaitwa umio," Modesta aliongeza. "Tazama, mama. Njia ya hewa inakaa wazi muda wote, kwa sababu pumzi haipumziki. Umio umelala tu, kama mkono wa kanzu ambao hauna mtu ndani. Chakula kikija, unafunguka. Kikipita, unalala tena. Kwa mtu mzima una urefu wa kama shibiri moja na kidogo."

"Tonge linaanguka tu lenyewe?" Shamsia aliuliza.

"Halianguki. Umio una misuli. Unalikamua tonge kidogo kidogo kwenda chini, kama unavyokamua uji wa mwisho kwenye mfuko wa plastiki. Na hapa juu, njia hizi mbili zinapokutana, kuna kifuniko kidogo. Ukimeza, njia ya hewa inafunikwa, ili chakula kisipotee njia."

"Ndiyo maana ukiongea huku unakula unapaliwa," alisema Mzee Mwinyimadi.

"Umeona? Mtani ana akili siku akiamua." Modesta akageukia kile kichwa cha mbuzi. "Sasa mzee, jambo la mwisho, nikurudishie shingo yako. Nionyeshe kimeo cha mbuzi."

Mzee alicheka. "Hilo ndilo swali? Mimi nimeona vimeo vingi kuliko nywele zako."

Alifungua taya za mbuzi. Akachungulia. Akaingiza kidole, akapapasa. Akamwita Abdulwahab amulike kwa tochi ya simu. Akachungulia tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Vipi, mtani?"

"Hakuna," alisema polepole.

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Paa la mdomo linaishia hapa, nyororo. Hakuna kinachoning'inia." Aliketi juu ya visigino vyake. "Maisha yangu yote nachinja mbuzi. Sijawahi kutazama."

"Mbuzi wako huwa hawakohoi?"

"Wanakohoa! Kila masika wanakohoa mpaka nawaonea huruma."

"Na chakula hakipandi kikarudi mdomoni?"

"Mchana kutwa mbuzi anacheua. Ndiyo kazi yake."

"Basi mtani, nieleze. Anakohoa, anacheua, na kimeo hana. Nani alimkata?"

Uani kote watu waliangua kicheko. Mzee Mwinyimadi mwenyewe alicheka, akatikisa kichwa. Ila Bi Tatu hakucheka. Alikuwa anafikiria uzito mdogo ulioko mgongoni mwake.

"Mwanangu Modesta," alisema. "Utani ni utani. Lakini mtoto huyu anakohoa. Hilo nalisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Kama si kimeo, ni nini?"

Modesta naye aliacha kucheka. Alishuka akapiga magoti mbele ya Bi Tatu, kama binti kwa mama.

"Mama, kikohozi cha mtoto kina sababu nyingi. Ndiyo maana tulimpeleka kwanza kwa daktari, atazame kifua. Kifua kizima. Kinachomsumbua Rahma kiko huku chini. Ngoja nikuonyeshe kwa mkono wako mwenyewe."

Alikata kipande kirefu cha umio, akakisafisha kwa maji. Akafunga upande wa chini kwa uzi. Akamimina maji ndani yake, kidogo tu, kisha akampa Bi Tatu akishike kikiwa kimesimama.

"Hapo chini tulipofunga, chukulia ndiyo tumbo la Rahma. Maji ni maziwa aliyonyonya. Umio unapokutana na tumbo kuna mahali panapojibana, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwako wewe na mimi panabana vizuri. Chakula kikishaingia, hakirudi ovyo. Kwa mtoto mchanga bado pamelegea. Hapajakomaa. Si ugonjwa. Ni uchanga tu. Sasa laza hicho kipande kwenye sinia."

Bi Tatu alikilaza. Maji yalitiririka yakatoka upande wa juu, yakalowesha vidole vyake.

"Kisimamishe."

Alikisimamisha. Maji yaliyobaki yakatulia.

"Tuongeze mengine. Haya. Sasa kiache kimesimama, ila kibane huku chini kwa kiganja. Bana kama unavyokaza kanga."

Bi Tatu alikibana. Maji yaliruka juu kwa nguvu, yakampiga Mzee Mwinyimadi kifuani.

"Astaghafirullah! Na mimi mnaniogesha?"

Safari hii hata Shamsia alicheka, huku akifuta macho. Bi Tatu alibaki amekitazama kile kipande mkononi. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe kifuani, mahali lilipo fundo la kanga.

"Nikimtoa kwenye titi," alisema polepole, "namweka mgongoni. Nambana."

"Unambana kwa mapenzi, mama. Kila mtu anakuona. Lakini tumbo limejaa, na mlango wake haujakaza. Maziwa yanapanda kwenye umio, yanafika hapa juu, yanagusa mlango wa hewa. Basi anakohoa ili kuyaondoa. Kikohozi kile kinamlinda."

"Na kimeo?"

"Kimeo kiko juu, maziwa yanatoka chini. Ukikata kimeo, mlango wa chini unabaki vile vile. Na kimeo kina kazi. Kinasaidiana na paa laini la mdomo kuziba njia ya pua wakati wa kumeza, chakula kisitokee puani." Modesta alimgeukia Mzee Mwinyimadi. Sasa sauti yake haikuwa ya utani. "Mzee, mkono wako ni mwepesi, nimeuona leo. Lakini koo la mtoto mchanga halina pa kufunga bendeji. Tumewahi kupokea mtoto aliyekatwa na damu ikakataa kusimama. Wengine wanapata pepopunda, au kidonda kinaoza, hawawezi hata kunyonya. Na kisu kimoja kikipita vinywa vingi, kinahamisha magonjwa."

Mzee Mwinyimadi aliweka mkono juu ya mfuko wa kanzu yake. Wote uani walikuwa wanamtazama Bi Tatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita na yeye ndiye mwenye neno.

Bi Tatu alilifungua fundo. Akamshusha Rahma, akamsimamisha begani kwake, kichwa chake kikiegemea shingoni. Mtoto alimtazama bibi yake kwa macho makubwa, akatabasamu bila meno.

"Kaka Mwinyimadi," Bi Tatu alisema, "utanisamehe. Nilikuita kwa kazi mbili. Moja umeifanya, na Mungu akulipe. Ya pili sitaki tena."

Shamsia alishusha pumzi ndefu. Kando yake, Abdulwahab akaizima tochi ya simu.

Mzee Mwinyimadi alikohoa kidogo kusafisha koo.

"Nikusamehe nini, Tatu? Mtoto ni wako. Na mimi leo nimetafuta kimeo kwenye mdomo wa mbuzi mbele za watu." Akamgeukia Modesta. "Shingo yangu, mtani. Nimeikomboa kwa aibu ya kutosha."

"Chukua, mzee. Nitakupikia mimi mwenyewe."

Wakala wali wa nazi na nyama ya mbuzi. Dua ikasomwa. Baada ya kula, Bi Tatu alimketisha Modesta kando yake kwenye mkeka, akamuuliza yote aliyotaka kujua.

"Sasa akishanyonya nifanyeje?"

"Mshike wima begani, hivyo hivyo ulivyomshika. Mpapase mgongo mpaka atoe hewa. Hata akishabeua usiwe na haraka, mwache wima kwa muda, kama mtu anayesubiri chungu cha mihogo kichemke. Usimrushe rushe. Usimbane tumbo. Shamsia amnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, tumbo lisifurike. Wakati wa kulala, alale chali, mahali pasipo na mito."

"Na uji mwepesi? Wanasema unatuliza tumbo."

"Uji bado, mama. Mpaka atimize miezi sita ni maziwa ya mama tu. Hata maji hapana."

"Na nitajuaje kwamba si kucheua tu? Mimi ni mzee, mwanangu. Nisije nikapuuza jambo."

"Hilo ndilo swali zuri kuliko yote." Modesta alimshika mkono. "Akitapika kijani au damu, mpeleke hospitali hapo hapo. Au matapishi yakiruka mbali kwa nguvu kila akinyonya. Akipumua mbio mbio, au mbavu zikizama ndani. Midomo ikibadilika rangi. Akiwa na homa, akikataa titi, au kliniki wakisema uzito hauongezeki. Hapo usingoje kesho. Lakini mtoto anayecheua huku anacheka na ananenepa, huyo mpe muda. Akianza kukaa mwenyewe, mlango utakuwa unakomaa pia."

*

Masika ilikuja ikapita. Bi Tatu alikwenda Mkuza kumtembelea mjukuu wake. Alibeba unga wa muhogo, korosho, na mtetea kwa ajili ya Modesta.

Alimkuta Rahma amekaa mwenyewe juu ya mkeka, amenenepa mashavu, mkono ndani ya bakuli la uji. Sasa umri wa uji ulikuwa umefika.

"Anakohoa?" Bi Tatu aliuliza kabla hata ya kushusha mzigo.

"Alicheua cheua kwa muda, mama," Shamsia alisema. "Kisha kukapungua kwenyewe. Sasa hata sikumbuki lini alikohoa mara ya mwisho. Baba yake ndiye anayembeba begani kila jioni. Mafundi wenzake wanamcheka, ana doa la maziwa kwenye kila shati."

Bi Tatu alimtazama mkwe wake kwa jicho jipya.

Mchana ule Mzee Mwinyimadi naye alibisha hodi. Alikuwa Kibaha kwa shughuli ya kuchinja, akaona si vizuri kupita bila kumjulia hali mtoto. Walimpa kiti na maji. Modesta aliposikia sauti yake, alikuja mbio kutoka nyumba ya pili.

"Mtani! Umekuja kufuata shingo nyingine?"

"Nimekuja kukushtaki. Umeniharibia kazi." Mzee alikunywa maji, akaweka kikombe chini. "Juzi alikuja mama mmoja kutoka Marui, na mtoto wake anakohoa. Nikamuuliza, akishanyonya unambana mgongoni? Akasema ndiyo. Nikamwambia, kwanza nenda zahanati wakamsikilize kifua. Kisha mshike wima. Na kisu changu kile nimekipa kazi ya kukatia majani ya mkindu ya kusukia ukili."

"Alikasirika?"

"Alisema, mzee, umekuwa daktari siku hizi? Nikamwambia, hapana, nimefundishwa na mbuzi."

Walicheka wote. Shamsia alikuwa amemaliza kumnyonyesha Rahma. Bi Tatu alinyoosha mikono, akampokea, akamweka begani, wima, na kuanza kumpapasa mgongo. Alimpapasa bila haraka. Hata kanga yake ilikuwa imetundikwa mbali, ukutani.

"Rahma, mwamkie babu," Shamsia alisema kwa utani, akimgeuza mtoto uso. "Babu yuko hapa. Sema shikamoo, babu."

Rahma alimtazama mzee kwa makini. Alifungua mdomo wake, na kutoka ndani kabisa, kwenye umio wake mdogo ulio mzima, ikatoka beu moja nene, ndefu, ya mtu mzima aliyeshiba.

Mzee Mwinyimadi aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mjukuu wangu."